Askofu Samuel Ajayi Crowther na Majirani Zake Waislamu

Habari za Wakristo na Waislamu kupigana huko Nigeria zimetufikia mara nyingi. Mwaka 2000 watu zaidi ya elfu moja waliuawa mjini Kaduna katika ugomvi juu ya sheria ya Kiislamu, na mwaka 2001 damu nyingi ilimwagika mjini Jos. Tangu mwaka 2009 kundi la Boko Haram limeshambulia makanisa na misikiti pia. Kwa hiyo ni vema tumkumbuke mtu wa nchi hiyo aliyekuwa na sababu kubwa ya kuwachukia Waislamu, lakini hakuwachukia. Huyo ni Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa Askofu katika Kanisa la Anglikana.

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, katika nchi ya Wayoruba. Asubuhi moja ya mwaka 1821, watu wakitayarisha chakula, mji ulizingirwa na jeshi la Waislamu wa Oyo pamoja na Wafulani. Nyumba zilichomwa moto. Ajayi alifungwa kamba shingoni pamoja na mama yake na ndugu zake, na baba yake hakumwona tena. Alitengwa na mama yake, akabadilishwa kwa farasi, akauzwa tena na tena, mpaka akanunuliwa na Wareno na kupakiwa melini. Hapa tuangalie jambo moja. Waliomteka walikuwa Waislamu, na waliomnunua walikuwa Wakristo kwa jina. Dini zao zilikuwa mbali, lakini biashara ya watu ilikuwa moja.

Mwaka 1822 manowari za Kiingereza ziliikamata meli ile, na mtoto akashushwa Freetown, katika Sierra Leone. Huko alisomeshwa na C.M.S., chama kile kile kilichowapokea watumwa waliokombolewa huko Frere Town, Mombasa, tangu mwaka 1875. Alibatizwa mwaka 1825, na mwaka 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Kisha akawa mwalimu.

Katika ujana wake alibishana na Waislamu wa Freetown kwa maneno makali, kama walivyofanya wamisionari wengi wa siku zile. Lakini aliona kwamba mtu anayetukanwa dini yake huziba masikio. Somo hilo hakulisahau.

Mwaka 1841 alisafiri na Waingereza katika mto Niger. Wazungu wengi walikufa kwa homa, ikaonekana wazi kwamba Injili katika nchi ile italazimu kuhubiriwa na Waafrika wenyewe. Alipewa ukasisi London mwaka 1843, kisha akaenda Abeokuta. Huko, mwaka 1846, alimwona tena mama yake, baada ya miaka 25. Mama alibatizwa mwaka 1848, akapewa jina la Hana, kama mama wa Samweli katika Agano la Kale. Samuel naye aliendelea kuitafsiri Biblia katika Kiyoruba, kazi iliyochukua miaka mingi.

Aliwekwa wakfu kuwa Askofu katika Kanisa Kuu la Canterbury, siku ya Mtakatifu Petro, tarehe 29 Juni 1864. Kazi yake ilimpeleka katika nchi zilizotawaliwa na Waislamu. Hakuingia huko kwa dharau. Alijifunza Kinupe, akaandika kitabu cha sarufi yake, na watawala aliwapelekea Biblia za Kiarabu.

Mwaka 1872 alifika Ilorin, mji wa Wayoruba uliokuwa chini ya amiri Mwislamu. Wazee wa baraza walimwuliza maswali mengi juu ya imani yake. Askofu hakumtukana Mtume wao wala hakuishambulia Kurani. Alikuwa na Biblia ya Kiyoruba mbele yake, na kila swali alilijibu kwa kusoma maneno ya Biblia. Alianza na mambo ambayo Waislamu wenyewe wanayakubali, yaani malaika Gabrieli, Bikira Mariamu na kuzaliwa kwa Yesu, na kutoka hapo akaeleza Injili. Walisikiliza kwa adabu, tena katika lugha yao, wakaachana kwa amani. Wala tusifikiri kwamba aliona dini zote ni sawa. Alitamani Waislamu wamjue Kristo, ila aliamini kwamba Neno la Mungu lina nguvu yake lenyewe, halihitaji kusaidiwa na matusi.

Uzeeni alipata huzuni kutoka kwa Wakristo wenzake. Mwaka 1890 wamisionari vijana wa Kizungu waliwashutumu wasaidizi wake Waafrika na kuwaondoa wengi kazini. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na aliyefuata katika uaskofu ule alikuwa Mzungu. Mwaka 2014, katika ibada ya kumkumbuka huko Canterbury, Askofu Mkuu Justin Welby aliomba radhi kwa dhambi ya Kanisa dhidi yake.

Hata leo, kati ya Wayoruba zimo familia nyingi zenye Wakristo na Waislamu katika nyumba moja, nao hualikana siku za sikukuu. Na katika sehemu nyingine za Nigeria, mara nyingi ugomvi unaoitwa wa dini una mizizi yake katika ardhi, malisho na madaraka, kama vile moto wa Osogun ulivyokuwa na mizizi katika biashara ya watumwa.

Nasi tunaishi na majirani Waislamu. Tunakutana nao sokoni, kisimani na misibani. Tukiulizwa juu ya imani yetu, tusikimbie wala tusigombane. Basi tuijue Biblia yetu vizuri, ili tuweze kujibu kama alivyojibu mzee huyu, kwa upole na bila hofu. Mungu atusaidie. Amina.