Norman Bel Geddes: Aliyechora ndoto ya barabara, bili ikaenda kwa umma

Waliokuwa na televisheni miaka ya 1980 wanaikumbuka tamthiliya ya Kimarekani ya Dallas, na bila shaka wanamkumbuka Miss Ellie, yule mama mtulivu wa ukoo wa Ewing. Mwigizaji wake aliitwa Barbara Bel Geddes. Leo namzungumzia baba yake, kwa sababu swali aliloliacha linatuhusu sisi tunaovuka Ziwa Mweru na mizigo yetu: gari jipya likija, barabara yake anailipia nani?

Norman Geddes alizaliwa Aprili 27, 1893, katika mji wa Adrian, jimbo la Michigan. Mwaka 1916 alimwoa Helen Belle Sneider, wakaunganisha majina yao, na tangu hapo akajulikana kama Bel Geddes. Sifa yake ya kwanza ilitokana na kupamba majukwaa ya maigizo. Mwaka 1924 aligeuza ukumbi mzima wa New York ukafanana na kanisa kuu la kale. Baadaye akafungua ofisi ya usanifu, akachora umbo la meli, treni, majiko na redio. Alijua kumfanya mtu atamani kitu ambacho bado hakijatengenezwa.

Kipaji hicho kampuni ya magari ya General Motors ilikihitaji. Katika maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1939, ilimlipa atengeneze Futurama, mfano mkubwa wa nchi ya Marekani jinsi itakavyokuwa mwaka 1960. Kulikuwa na nyumba ndogo nusu milioni na magari madogo 50,000, na 10,000 kati yake yalitembea. Watazamaji, mamilioni kwa jumla, walikaa kwenye viti vilivyowazungusha juu ya mfano huo huku wakisikiliza maelezo. Waliona barabara pana zisizo na makutano, na magari yakitunziwa umbali kwa mawimbi ya redio. Mwaka uliofuata alieleza katika kitabu chake, Magic Motorways, kwamba barabara yenyewe isaidie kuliongoza gari, maana dereva ndiye chanzo cha ajali. Hilo ndilo wazo la gari linalojiendesha, miaka zaidi ya 80 iliyopita.

Mwandishi wa magazeti Walter Lippmann aliitazama Futurama akaona jambo ambalo wengi hawakuliona. Kampuni binafsi ilikuwa imetumia fedha nyingi kuwashawishi wananchi kwamba, ili wayafaidi magari yake, serikali ijenge upya barabara na miji. Ndoto ililipiwa na kampuni. Lami ingelipiwa na umma.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu zenye urefu wa kilomita kama 66,000. Serikali kuu ilibeba asilimia 90 ya gharama, hasa kwa kodi ya mafuta. Si Bel Geddes aliyeiandika sheria hiyo, lakini alikuwa amekwisha kuwazoesha watu kuitamani. Barabara zikajengwa, ila za kujiongoza hazikuja. Karibu na Lincoln, jimbo la Nebraska, nyaya zilifukiwa barabarani kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1997, San Diego, magari yalifuata sumaku zilizozikwa njiani kwa kilomita kama 12. Jaribio lilifaulu, kisha fedha za serikali zikakatwa. Siku hizi teksi zisizo na dereva zinabeba abiria katika miji kama Phoenix na San Francisco. Zinatumia kamera na rada zake zenyewe, lakini bado zinahitaji lami nzuri, mistari inayoonekana na alama zinazosomeka. Hivyo vyote ni mzigo wa umma.

Mimi nilisoma nikiwa mkimbizi upande wa Zambia, na sasa nafundisha nyumbani, ng'ambo ya ziwa. Ninapofika Nchelenge nawaona wanafunzi wangu wa zamani wakipakia magunia ya chisense pale Kashikishi. Kwao barabara ndiyo faida au hasara, maana samaki hawasubiri. Daraja la Levy Mwanawasa pale Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, lilijengwa kwa fedha za umma, na likaondoa foleni ya kusubiri kivuko. Mradi wa barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, unaovuka mto Luapula, umepangwa kwa njia nyingine: mwekezaji ajenge, kisha arudishiwe fedha kwa ushuru wa wapitao.

Sisemi njia moja ni haramu na nyingine halali. Nasema mfanyabiashara aulize mapema: ushuru ni kiasi gani, kwa miaka mingapi, na mwenye baiskeli atapita wapi? Na siku wakuu wetu watakapoonyeshwa mfano unaong'aa wa barabara ya magari yasiyo na dereva, waulize kwanza kama mistari hiyo ya rangi itamfaa pia dereva wa lori la samaki usiku. Ikimfaa, fedha ya umma imepata kazi. Isipomfaa, mwenye magari na ailipie mwenyewe.

Bel Geddes alifariki New York Mei 8, 1958, barabara kuu zikiwa ndiyo kwanza zinajengwa. Hakuwa tapeli, aliyaamini aliyoyachora. Lakini kuhesabu gharama haikuwa kazi yake. Kazi hiyo ni ya sisi tunaolipa.