MWALIMU STEFANO RUBEN MOSHI (1906–1976)

Stefano Ruben Moshi alizaliwa Kotela, Mamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1906, miaka 12 tu baada ya wamisionari wa Leipzig kufungua misheni Mamba. Wengi humkumbuka kwa joho la uaskofu, lakini kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule, na yafaa kuanzia huko.

Enzi zile kazi ya mwalimu wa misheni haikuishia ubaoni. Aliyewafundisha watoto kusoma siku za juma ndiye aliyeongoza ibada Jumapili, kwani mchungaji alifika kwa nadra. Vita Kuu ya Pili ilipozuka na wamisionari Wajerumani kuwekwa kizuizini, mzigo wa walimu uliongezeka maradufu, maana wachungaji wazawa walikuwa wachache mno. Moshi alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1949 tu, akiwa mtu mzima wa miaka 43. Kama alichelewa, basi alichelewa akiwa kazini.

Mwaka 1958 Kanisa la Kilutheri la Tanganyika Kaskazini lilimchagua kuwa kiongozi wake, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Mwaka 1960 akawekwa wakfu kuwa askofu. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba, yaliyolelewa na misheni tofauti, yakaungana kuwa Kanisa moja, naye akawa Mkuu wake wa kwanza. Kuyashikamanisha hakukuwa kazi nyepesi.

Alifariki mwaka 1976, angali katika utumishi. Chuo kikuu kishiriki kilichoanzishwa mwaka 2007 kilipewa jina lake. Miongoni mwa waliofunzwa humo ni walimu.