Chevalier Jackson, daktari aliyepigania kopo la magadi liandikwe sumu

MWANZONI mwa karne iliyopita, katika sehemu nyingi za Marekani mwenye duka aliweza kuuza magadi makali ya kutengenezea sabuni, yale ambayo sokoni kwetu huitwa kostiki soda, katika kopo lisilo na onyo lolote. Aliyeibadilisha hali hiyo alikuwa daktari wa koo, Chevalier Jackson.

Jackson alizaliwa Novemba 4, 1865 mjini Pittsburgh, Pennsylvania. Kwao hakukuwa na fedha, hivyo alichora mapambo kwenye vyombo vya kauri na vioo ili apate ada. Mwaka 1886 alihitimu udaktari Jefferson Medical College, Philadelphia, kisha akaenda London kujifunza zaidi magonjwa ya koo.

Enzi hizo, mtoto aliyepaliwa na pini, sarafu au kifungo kikazama hadi kwenye pafu alikuwa katika hatari kubwa ya kufa. Jackson aliboresha mirija myembamba yenye taa ndogo, iliyopitishwa mdomoni hadi kwenye umio au njia ya hewa, pamoja na koleo ndefu za kukinasa kitu hicho bila kumpasua mtoto. Kabla ya kumgusa mgonjwa, alifanya mazoezi kwa kitu kinachofanana na kilichomezwa. Vitu alivyovitoa alivihifadhi na kuviandikia kumbukumbu. Leo vitu 2,374 vya mkusanyiko wake vimo katika Jumba la Makumbusho la Mütter, Philadelphia.

Lakini wagonjwa waliomuumiza moyo zaidi ni watoto walioonja magadi. Unga ule mweupe ulifanana na sukari, na makopo yalikaa jikoni. Mtoto akiweka kidogo tu mdomoni, umio huungua, kisha kovu huubana taratibu hadi hata maji hayapiti. Msichana mmoja wa miaka saba aliletwa kwake akiwa amekaa siku kadhaa bila kuweza kumeza maji. Jackson alipozibua umio wake, mtoto alikunywa polepole, kisha akaubusu mkono wa daktari.

Jackson aliona kwamba kutibu peke yake hakutoshi iwapo kopo litaendelea kuuzwa vilevile. Alizunguka kwa miaka mingi akiwashawishi madaktari na wabunge, huku viwanda vikipinga. Hatimaye, Machi 4, 1927, Rais Calvin Coolidge alisaini sheria ya kemikali zinazounguza. Ilihusu bidhaa zinazovushwa kutoka jimbo moja hadi jingine na zile zinazotoka nje ya nchi. Kila chombo kilitakiwa kuwa na jina la bidhaa, jina na mahali alipo mtengenezaji au muuzaji, neno sumu kwa herufi kubwa, na maelekezo ya huduma ya kwanza.

Yote hayo aliyafanya akiwa na afya dhaifu. Kifua kikuu kilimlaza kitandani zaidi ya mara moja, naye akautumia muda huo kuandika. Aliwaonya pia wazazi wasiwape watoto wadogo karanga kabla hawajaota magego ya kutafunia. Alifariki Agosti 16, 1958, akiwa na umri wa miaka 92.

Kwa mfanyabiashara anayenunua kostiki soda kwa gunia na kuipima rejareja, maisha ya Jackson yanagusa biashara yenyewe. Mzigo ukishafunguliwa, onyo la kiwandani hubaki kwenye gunia, na mteja huondoka na mfuko au chupa ya soda isiyo na maandishi. Karatasi yenye neno sumu na kifuniko kinachokaza havili faida kubwa. Mtoto akimeza, asitapishwe. Akimbizwe hospitali pamoja na chombo alichonywea.