Karamojo Bell: Msee Aliyeangusha Ndovu 1,011 na Bunduki Wenzake Waliona ni ya Watoto

Wawindaji wa ndovu wa enzi za mkoloni walikuwa na imani moja tu: mnyama mkubwa, bunduki kubwa. Walikuwa wanazunguka na mabunduki ya mitutu miwili, kilo tano na zaidi, risasi nono kama kidole gumba. Ukifyatua moja, bega linakulilia wiki mzima.

Halafu akatokea buda mmoja wa Scotland akasema zii.

Anaitwa Walter Dalrymple Maitland Bell, lakini historia inamjua kama Karamojo Bell. Hilo jina alilipata Karamoja, ile side ya Uganda inayopakana na Turkana na Pokot. Kufikia wakati anaweka bunduki chini alikuwa ameangusha ndovu 1,011. Karibu 800 kati yao aliwamaliza na bunduki ya milimita 7, risasi nyembamba kama penseli, kitu wazungu wenzake walikuwa wanaona ni ya kuwinda swara.

Story yake ni tamu, na pia ni chungu. Wacha tuipige yote bila kuruka.

Kijana wa kuhepa

Bell alizaliwa 1880 karibu na Edinburgh, familia iko na doh. Lakini mathe wake alifariki akiwa na miaka 2, na fathe akafuata akiwa na miaka 6. Akabaki mikononi mwa mabro wake wakubwa, na hao hawakumuweza. Kila shule walimpeleka alihepa. Akiwa na miaka 13 alikuwa tayari baharini, anafanya kazi kwa meli. Kitu moja tu ilikuwa kwa akili yake: Afrika, na ndovu.

Mwaka wa 1896 hivi akatua Mombasa. Ile Reli ya Uganda ilikuwa ndio inaanza kujengwa, na wajenzi walikuwa wanasumbuliwa na simba. Bell, kijana wa miaka 16 tu, akapewa kazi ya kuwapiga. Mkononi alikuwa na bunduki ya .303 ya kuweka risasi moja moja. Shida ni kwamba jua la huku likiwaka, ganda la risasi lilikuwa linakwama ndani baada ya kufyatua. Sasa jipige picha: simba anakuangalia, na wewe uko hapo unachokora ganda litoke. Hapo ndipo alianza kujifunza somo lililomfuata maisha yake yote. Bunduki inaweza kuwa fiti aje, lakini risasi ikikuangusha umeisha.

Hakukaa sana. Alisikia kuna dhahabu Yukon, kule juu Canada, akaenda kujaribu bahati. Dhahabu hakupata ya maana, kwa hivyo akaanza kuwinda nyama na kuuzia wachimbaji wa Dawson City. Pasi ndefu ni kwamba mwenzake wa biashara alihepa na pesa zote. Bell akasota mpaka akauza bunduki yake. Njia ya kutoka ikawa kujiunga na wanajeshi wa Canada waliokuwa wanaenda vita ya Makaburu Afrika Kusini. Huko alishikwa mateka, akatoroka, na 1902 akarudi Afrika Mashariki. Safari hii alikuja na rieng kamili.

Kutoka Mumias kwenda juu

Wakati huo Mumias haikuwa story ya sukari. Ilikuwa kituo cha misafara. Wafanyabiashara Waswahili wa kutoka Pwani walikuwa wanapitia hapo wakienda kaskazini kutafuta pembe. Bell akafuata njia yao mpaka Manimani huko Karamoja, ambapo walikuwa na kambi yao.

Karamoja ilikuwa mbali na serikali ya mkoloni. Hakuna DC, hakuna leseni, hakuna askari wa wanyamapori. Na ndovu walikuwa wengi, wenye pembe ndefu.

Kuna kitu kimoja Bell alichanuka nacho. Badala ya kuvamia wenyeji na kuchukua ng'ombe, vile misafara mingine ilikuwa inafanya, yeye alitangaza kwamba msee akimletea habari za ndovu wakubwa anapewa ng'ombe. Nyama yote waliachiwa wao. Kwa Mkaramojong, ng'ombe ni maisha. Habari zikaanza kumiminika. Msaidizi wake mkubwa alikuwa Pyjale, Mkaramojong aliyekuwa anasoma nyayo vile wewe unasoma meseji. Hizo hesabu zote za Bell unazosikia, nyuma yake kuna macho ya Pyjale na mabega ya wapagazi waliobeba pembe hadi sokoni. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Na kutembea ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Bell alihesabu kwamba kila ndovu dume alimgharimu karibu kilomita 117 za mguu. Kwa mwaka mmoja alikuwa anamaliza jozi 24 za buti. Siku moja alifuata na kuangusha ndovu tisa, na pembe zao akazikadiria kuwa pauni 877. Enzi hizo, hiyo ni pesa ya kuomoka.

Saizi si hoja

Sasa turudi kwa ile bunduki. Bell alijaribu karibu kila kitu kilichokuwa sokoni: .303, .318, milimita 6.5, na hata ile mitutu miwili mizito. Mwishowe moyo wake ukatulia kwa .275 ya Rigby wa London. Hiyo .275 ni jina la Kiingereza la risasi ya Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.

Piga hesabu. Risasi ya bunduki kubwa ya ndovu ilikuwa na uzito wa gramu 32 hivi. Ile ya Bell ilikuwa gramu 11. Karibu theluthi moja tu. Sasa ilikuwa inaangusha aje mnyama wa tani tano?

Jibu alilipata kwa msumeno. Bell alichukua fuvu la ndovu akalikata katikati, akalichunguza ndani. Akaona ile sehemu kubwa ya kichwa ni mfupa wenye mashimo mashimo kama sega la asali. Ubongo wenyewe ni mdogo, saizi ya mkate, na umejificha nyuma. Ukipiga mahali pengine popote kichwani, hata na mzinga, unamkasirisha tu. Ukigusa ule mkate, hata na risasi nyembamba, anaanguka hapo hapo. Bell alikuwa msanii pia, na michoro ya kitabu chake aliichora mwenyewe. Akajichorea hiyo ramani ya kichwa mpaka akaijua kutoka kila upande. Hadi leo kupiga ndovu kwa mshazari kutoka nyuma, risasi ipitie shingoni hadi kwa ubongo, kunaitwa kwa jina lake.

Kutoka hapo ilikuwa mazoezi. Alikuwa anabeba bunduki yake mwenyewe badala ya kuachia mpagazi, na kila siku akitembea analenga vitu na kubonyeza bila risasi ndani. Alirekodi kila risasi aliyotumia. Wastani wake ulikuwa risasi moja na nusu kwa ndovu mmoja.

Maisha ndani ya ganda

Lakini kwa nini milimita 7 na si ile ya 6.5, ambayo ilikuwa nyepesi zaidi? Hapa ndipo story inaingia kwa risasi zenyewe.

Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba. Kuna fataki pale chini, ndiyo inashika moto ikigongwa. Kuna baruti ndani. Na kuna ile chuma inayoruka. Moja ikiwa mbovu, zote ni bure. Fataki ikichelewa hata kwa nukta, ndovu ameshasonga. Ganda likipasuka, limekwama. Bell aliangushwa na risasi za .318 na za 6.5 mara za kutosha. Zile za milimita 7 kutoka Ujerumani hazikumwangusha. Hiyo ndiyo sababu kubwa alibaki nazo. Hakuwa anapenda bunduki kwa sura, alikuwa anapenda ile inaitika kila ikiitwa.

Na kama unadhani 7 ni ndogo, shikilia hapo. Mwaka wa 1912 huko Marekani kulitoka risasi inaitwa .22 Savage Hi-Power. Aliyeichora ni wakili, Charles Newton, kutoka mji unaitwa Buffalo. Uzito wake gramu 4 na nusu. Bell akaileta Afrika na kuipigia nyati 23. Yaani risasi ya wakili wa Buffalo ikaja huku kumaliza mabafalo. Alikuwa analenga mapafu, halafu anangoja.

Usijaribu kumuiga. Nyati aliyejeruhiwa hana msamaha, na wengi waliojaribu bunduki ndogo kwa wanyama wakubwa hawakurudi kusimulia.

Hiyo .22 ya Savage siku hizi ni kama simu ya mulika mwizi ya mwaka ule: ukiipata iko, chaji yake utaitafuta. Chuma yake ni nene kidogo kuliko ya .22 zingine za kisasa, kwa hivyo huwezi kuazima ya nyingine. Ndiyo maana wasee wachache huko Marekani na Ulaya wanaoimiliki wanajipikia risasi nyumbani. Kila ganda likitumika linaokotwa na kusafishwa, fataki ya zamani inatolewa na mpya inawekwa. Baruti inapimwa kwa mizani, chembe kwa chembe, halafu chuma mpya inakalishwa juu. Wanaandika kila kitu kwa daftari, kwa sababu ukizidisha baruti bunduki inaweza kukupasukia usoni. Ni kazi ya uvumilivu, na wanaoifanya wanajua jina la Bell vizuri, kwa sababu yeye ndiye mfano wao wa kwanza kwamba risasi unayoiamini inashinda risasi kubwa.

Ndege, boti na uzee

Karamoja ilipoanza kuwekewa sheria, Bell akasonga. Aliwinda upande wa Ethiopia, akaingia Lado, kile kipande kati ya Uganda na Sudan ambacho Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa amekishikilia. Leopold alipofariki 1909 pakabaki bila mwenyewe kwa muda, na wawindaji wakaingia kama nzige. Baadaye alienda Liberia na Congo.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, akawa rubani. Alirushia Waingereza ndege hapa Tanganyika, kisha Ugiriki na Ufaransa, na akapewa nishani ya Military Cross.

Baada ya vita alioa, akanunua shamba la milimani Scotland linaloitwa Corriemoillie, akaanza kuandika. Kitabu chake cha kwanza cha uwindaji kilitoka 1923. Pia alikuwa na mashua ya mbio za baharini.

Na bado hakuacha vidogo. Mwaka wa 1935 kampuni ya Winchester ilitoa .220 Swift, risasi ya kupiga wanyama waharibifu wa mashamba kama panya buku wa Marekani na mbweha. Ilikuwa gramu 3 tu, lakini inaruka zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Mzee Bell aliichukua akaenda kuwinda nayo kulungu wekundu wa Scotland, akaisifu. Miaka imeenda, imani ni ile ile.

Alifariki 1954 kwa moyo. Baadaye Robert Ruark, mwandishi Mmarekani aliyependa sana Kenya, alinunua moja ya zile .275 zake.

Hesabu ya mwisho

Sasa tuseme ukweli. Ndovu 1,011 si alama za mchezo wa video. Wengi wao walikuwa madume, kwa sababu Bell alikuwa anatafuta wenye pembe kubwa. Pembe zao zilienda Ulaya zikawa vifunguo vya piano, mipira ya biliadi na vitana. Na vitu vyenyewe vilivyomfanya awe noma, yaani kujua mahali pa kulenga, kutopoteza risasi na kutotetemeka, ndivyo vilifanya hesabu ipande hivyo. Mwindaji mbaya angeua wachache.

Kwa wakati wake hakuna sheria aliyoona anavunja pale Karamoja. Lakini wale waliomfuata na bunduki hawakuwa na daftari wala msumeno, na karne haikuisha kabla hatujajua gharama. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977. Moi akachoma tani 12 za pembe 1989 pale Nairobi National Park, na 2016 Uhuru akachoma tani 105 hapo hapo. Karamoja yenyewe leo ukitaka kuona ndovu unaenda Kidepo, mbugani, na unawaona kutoka kwa gari.

Pyjale aliwajua wakiwa majirani. Hakuhitaji kulipa kiingilio.