Grace Hopper: mwalimu wa hesabu aliyegawa kazi yake bila kuifunga

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati za Kilolo, Mufindi, Rungwe au Chunya, muuguzi hufungua vitabu vya MTUHA na kuanza kuhesabu: akina mama waliojifungua, watoto waliopata chanjo, wagonjwa wa malaria. Hesabu hizo huishia kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2, ambao kufikia mwisho wa mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa Tanzania nzima. Ulianzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa walioukuza. Ni programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, yako wazi. Anayetaka huyasoma, huyarekebisha, kisha huwapa wengine alichorekebisha.

Kwa msikilizaji wetu anayelima, tofauti ni kama ya unga na mbegu. Ukipewa unga utapika ugali, basi. Ukipewa mbegu utapanda, utachagua mahindi yaliyokubali ardhi yako, na jirani naye utamgawia. Programu iliyofungwa ni unga.

Desturi ya kugawa mbegu hiyo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mmoja wa walioianza ni mwanamke aliyefariki zaidi ya miaka 30 iliyopita, na leo tunasimulia maisha yake.

Grace Brewster Murray alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Akiwa na miaka saba alifungua saa ya kengele kuona inavyofanya kazi, akashindwa kuirudisha ilivyokuwa. Akafungua nyingine ili ajifunze kutokana nayo, kisha nyingine, hadi saa saba za nyumba ile zikawa vipande vipande. Mama yake hakumchapa. Alimwachia saa moja tu ya kuchezea, nyingine zikae salama. Baba yake, aliyefanya kazi ya bima, alikuwa amekatwa miguu kwa maradhi, naye alitaka mabinti zake wasome sawa na kaka yao ili waweze kujitegemea.

Akasoma kweli. Alimaliza Chuo cha Vassar mwaka 1928 katika hesabu na fizikia, akapata shahada ya uzamivu ya hesabu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, na huku nyuma alikuwa ameshaolewa na mwalimu mwenzake, Vincent Hopper, na kuanza kufundisha Vassar. Ndoa ilivunjika mwaka 1945, jina la Hopper likabaki.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyombadilishia njia. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, Grace alitaka kujiunga na jeshi la majini. Alikataliwa: umri ulikuwa umezidi, na uzito ulipungua kilo kama 7. Aling'ang'ania hadi akapewa ruhusa maalumu, akaapishwa Desemba 1943. Mwaka 1944 alimaliza mafunzo akiwa wa kwanza darasani, akapangiwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashine iliyoitwa Mark I.

Tusiifikirie kompyuta ya leo. Mark I ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa tani zipatazo 5, na ililishwa maagizo kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ilipiga mahesabu ya vita, kama yale ya kulenga mizinga. Hopper aliandika kitabu cha maelezo yake chenye kurasa zaidi ya 500, ili mtu mwingine naye aweze kuielewa. Tabia ya kutotaka kujua peke yake ilikuwapo tangu hapo.

Kuna hadithi ya nondo ambayo lazima tuinyooshe. Tarehe 9 Septemba 1947, mashine iliyofuata, Mark II, ilikwama. Mafundi walipoifungua wakakuta nondo amenasa ndani. Walimgandisha kwenye daftari la kazi kwa utepe na kuandika kwamba huyo ndiye mdudu wa kwanza kuonekana kwa macho. Wengi husema Hopper ndiye aliyebuni tabia ya kuyaita makosa ya kompyuta wadudu. Si kweli; mafundi wa Marekani waliyaita hivyo kabla yake, na ndiyo maana mzaha ule wa kwenye daftari ulichekesha. Yeye alipenda tu kuisimulia, na alisimulia vizuri mno hata ikawa yake.

Mwaka 1949 alihamia kampuni changa ya kompyuta mjini Philadelphia, iliyonunuliwa mwaka uliofuata na Remington Rand. Kipindi hicho kilikuwa kigumu kwake. Alikuwa na tatizo la pombe, na ni marafiki zake waliomshika mkono akasimama tena.

Hapo ndipo ilipotokea kazi inayotufanya tumkumbuke. Wakati ule kuandika programu kulikuwa kuandika tarakimu mstari baada ya mstari. Waandishi walikuwa na madaftari ya vipande vilivyokwisha kufanya kazi, wakawa wanaazimana na kunakili kwa mkono. Wakinakili, wanakosea. Hopper akajiuliza: kwa nini mashine yenyewe isifanye kazi hiyo ya kunakili? Mwaka 1952 alikamilisha programu aliyoiita A-0, iliyopokea maagizo mafupi, ikatafuta vipande vinavyotakiwa na kuviunganisha yenyewe. Programu za ukoo huo leo huitwa kompaila. Wakubwa hawakumwamini. Kwao kompyuta ilikuwa ya kujumlisha na kutoa tu, haiwezi kuandika programu.

Mwaka 1953 likatoka toleo la A-2, na hapa ndipo mbegu inapoingia. Kampuni iliwapelekea wateja programu hiyo pamoja na msimbo wake wote, na kuwaomba wakiboresha chochote wairudishie. Huo huhesabiwa miongoni mwa mifano ya kwanza kabisa ya programu huria, miaka 45 kabla ya jina linalotumika leo duniani kwa programu za aina hiyo kubuniwa mwaka 1998.

Tusimfanye malaika, wala kampuni yake. Biashara ya wakati ule ilikuwa mashine. Programu ilitolewa kama nyongeza, na mteja akiirekebisha faida ilikuwa ya wote. Programu ilipogeuka bidhaa yenyewe, kampuni nyingi zilianza kuficha msimbo. Ilibidi wengine waanze upya kuufungua, akiwamo kijana wa Finland, Linus Torvalds, aliyetoa Linux mwaka 1991. Simu za Android mnazoshika zimejengwa juu ya Linux hiyo.

Turudi kwa Hopper. Baada ya kuifanya mashine iunganishe vipande, alitaka ipokee maneno ya kawaida badala ya alama za hesabu, maana watu wa ofisi, waliolipa mishahara na kuhesabu bidhaa ghalani, hawakuwa wanahesabu. Ili kuonyesha kwamba inawezekana, alitayarisha programu ndogo ya Kiingereza, kisha akaionyesha ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Kwake ilikuwa ni kubadilisha maneno tu. Wakubwa walishtuka. Kompyuta iliyotengenezwa Marekani ingejuaje Kifaransa? Ilimchukua miezi kadhaa kuwatuliza, na ikabidi aahidi kubaki na Kiingereza.

Sisi tunaotangaza kwa Kiswahili hadithi hiyo inatugusa. Mashine haina lugha ya mama. Lugha huamuliwa na mwenye msimbo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, kwa Kiswahili. Msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi, kwa hiyo watafsiri hawakulazimika kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama Kiswahili kina soko.

Lugha ya Hopper, FLOW-MATIC, ikawa msingi mkubwa wa COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959 na kamati ya makampuni na serikali, yeye akiwa mshauri. Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti. Kabla ya hapo, kununua mashine mpya kulikuwa kuandika kila kitu upya. COBOL bado inafanya kazi katika benki nyingi duniani.

Jeshi lilimstaafisha mwisho wa mwaka 1966, akiwa na miaka 60. Agosti 1967 likamwita tena kwa miezi sita ili asaidie kuifanya COBOL ya jeshini iwe moja. Miezi sita hiyo, ukitoa mapumziko mafupi, ilifika mwaka 1986. Alistaafu akiwa admirali mwenye miaka 79, kwenye sherehe ndani ya meli kongwe USS Constitution, mjini Boston.

Miaka hiyo ya mwisho alizunguka akifundisha, mkononi ana fungu la nyaya fupi zenye urefu wa karibu sentimita 30. Huo ndio umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Majenerali walipolalamika kwamba ujumbe wa setilaiti unachelewa, aliwaonyesha waya na kuwaambia kuna nyaya nyingi sana kati ya hapa na juu kule. Kwa kipimo chake, Iringa hadi Mbeya, kilomita zipatazo 330, ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Grace Hopper alifariki Arlington, Virginia, tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85, na akazikwa kwa heshima za kijeshi. Jeshi la majini liliipa meli moja ya kivita jina lake, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunukia Nishani ya Rais ya Uhuru. Daftari lenye nondo yule limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, pamoja na fungu la nyaya zake.