Albert Cook na Katharine: Daktari na mkunga waliopeleka huduma ya uzazi vijijini

Kabla reli haijafika ziwani, mizigo iliyotoka Mombasa kwenda Buganda ilibebwa na wapagazi. Mwishoni mwa mwaka 1896, katika msafara mmoja wa aina hiyo, alikuwamo daktari wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, Albert Ruskin Cook, pamoja na muuguzi Katharine Timpson. Walitembea kwa miezi kadhaa na kufika Mengo, makao ya Kabaka, Februari 1897. Njia waliyopita ni babu wa barabara hii inayobeba malori yetu leo kupitia Malaba na Busia.

Cook alizaliwa Hampstead, London, mwaka 1870. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew's. Alitumwa Uganda na shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza, CMS. Mwaka huohuo wa kufika kwake alianzisha hospitali ya Mengo, nayo ilianza kwa majengo ya matete na nyasi. Katharine akawa mkuu wa wauguzi, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1911. Mwaka 1899 kaka yake Albert, Jack Cook, naye akiwa daktari, aliungana nao. Albert na Katharine walifunga ndoa mwaka 1900.

Majaribu hayakuchelewa. Mwaka 1901 ndugu hao wawili waliwagundua wagonjwa wa malale, ugonjwa ambao katika miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali ikateketea, na ikabidi ijengwe upya. Lakini tabia moja ya Cook haikuungua: aliandika kila kitu. Kila mgonjwa alikuwa na kumbukumbu yake, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ipo mpaka sasa Kampala.

Ni katika kumbukumbu hizo ndipo jambo la mimba zinazopotea lilipojitokeza waziwazi. Wanawake waliofika Mengo waliulizwa wameshika mimba ngapi, ngapi ziliharibika, watoto wangapi walizaliwa wafu na wangapi wako hai. Majibu yalitia huzuni. Mambo ambayo kila nyumba ilikuwa ikiyazika kimya kimya, sasa yalikuwa yamepangwa kwenye karatasi.

Hapo pia ndipo penye kosa kubwa la madaktari wa zama zile. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza aliyetumwa Uganda, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende. Cook naye aliamini hivyo, na akaihesabu kaswende kuwa chanzo kikuu cha mimba kuharibika na watoto kuzaliwa wafu. Ni kweli kwamba kaswende huweza kuua mtoto tumboni. Lakini wataalamu waliorudi kuzichunguza taarifa hizo baadaye waliona kuwa hesabu ilikuwa imekuzwa mno. Buba, ugonjwa wa ngozi unaosambaa kwa kugusana na uliokuwa umeenea vijijini, hufanana na kaswende, na vipimo vya damu vya wakati ule havikuweza kuutofautisha nayo. Malaria na utapiamlo navyo vilikuwapo.

Kosa hilo lilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mwanamke. Aliyepoteza mimba alitazamwa kama mtu aliyeleta ugonjwa kwa mwenendo wake, naye akaongezewa aibu juu ya msiba. Ukweli wa kitabibu tulio nao leo ni mwingine. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 huharibika, nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo. Sababu inayoongoza ni kasoro katika chembe za urithi za mimba yenyewe, kasoro inayotokea tangu mimba inapotungwa. Mama hana hatia nayo.

Hata hivyo, dawa ambayo akina Cook waliitafutia tatizo hilo ilikuwa na maana kuliko maelezo yao ya chanzo chake. Waliona kwamba hospitali moja kilimani Mengo haiwezi kumsaidia mwanamke anayetokwa na damu umbali wa siku mbili za kutembea. Kwa hiyo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Katharine aliongoza uanzishaji wa shule ya wakunga ya Mengo, iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana wa Uganda walifundishwa ukunga kwa Kiganda. Mume na mke waliandika kitabu cha ukunga kwa lugha hiyo ili mkunga ajifunze kwa maneno anayoyatumia mama anayemhudumia.

Waliohitimu hawakubaki mjini. Walipelekwa kwenye vituo vidogo vya uzazi vijijini, na Katharine akawa msimamizi wa wakunga na mkaguzi wa vituo hivyo. Kazi ya mkaguzi ni kwenda kujionea kama kituo kina usafi na vifaa, na kama mkunga anajua ni lini amtibu mgonjwa na ni lini ampeleke kwa daktari. Hilo la mwisho ndilo moyo wa mpango mzima. Kituo cha kijijini pasipo hospitali nyuma yake ni mlango usio na nyumba.

Tusiwapambe kupita kiasi. Shule hiyo ilikuwa na masharti makali ya dini na mwenendo, na wakunga wa jadi walidharauliwa ilhali ndio waliokuwa karibu na akina mama. Uwezo wa tiba nao ulikuwa mdogo. Penisilini haikuwa imefika. Mwanamke ambaye mabaki ya mimba yameoza tumboni, au aliyepasukiwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi alifariki hata akiwa mikononi mwa daktari hodari.

Mwaka 1932 Albert Cook alipewa cheo cha Sir. Katharine alifariki mwaka 1938, na Albert mwaka 1951 akiwa Kampala, zaidi ya miaka hamsini tangu afike kwa miguu. Hospitali ya Mengo bado inafanya kazi, na maktaba ya udaktari ya Makerere inaitwa kwa jina lake.

Kwa msomaji wetu anayeishi kati ya mipaka, maisha ya watu hawa si hadithi ya zamani tu. Wanawake ni wengi katika biashara ndogo za mipakani, na mimba changa haimwambii mtu asubiri soko lifungwe. Mwanamke huweza kuanza kutokwa na damu akiwa Mutukula, Katuna au Namanga, mbali na kliniki yake na mbali na ndugu zake. Swali lake ni lilelile la mwaka 1897: msaada uko wapi, na ni umbali gani?

Tofauti ni kwamba leo tiba ipo. Mimba iliyoharibika huweza kuhitaji uangalizi tu, au vidonge, au kusafishwa kizazi kwa bomba la kufyonza, kazi ambayo mkunga au tabibu aliyefunzwa huweza kuifanya bila upasuaji mkubwa. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ni jambo jingine. Hiyo hutokea mara moja au mbili katika kila mimba 100, nayo ikipasuka huhitaji chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa bila kuchelewa. Dalili zake ni maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, na maumivu ya bega; damu inayotoka nje inaweza kuwa kidogo sana. Damu nyingi inayolowesha vitambaa mfululizo, homa, au uchafu wenye harufu mbaya navyo havisubiri kesho.

Tatizo la mpakani ni kwamba ngazi za huduma zina majina tofauti. Tanzania mtu huanza zahanati, kisha kituo cha afya, hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa. Uganda kituo cha afya cha daraja la nne ndicho kinachotakiwa kuwa na chumba cha upasuaji. Kenya hospitali huanzia daraja la nne pia, chini yake ni zahanati na vituo vya afya. Rwanda kituo cha afya humpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya. Anayevuka mara kwa mara na ajue mapema, kwa kila upande, ni wapi wanapasua na kuongeza damu usiku. Kwa Mutukula upande wa Tanzania, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bukoba. Kwa Katuna upande wa Uganda, iko Kabale. Kadi ya kliniki yenye kundi la damu isafiri pamoja na kitambulisho, na fedha ya dharura itengwe, kwa kuwa bima ya nchi moja mara nyingi haitambuliwi ng'ambo.

Serikali za Jumuiya nazo zina lao la kufanya. Zimejenga vituo vya pamoja vya mpakani ambapo lori hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili. Mgonjwa anayevuka bado hana utaratibu mwepesi kama wa lori. Katharine Cook alikagua vituo vyake kwa kuuliza kama mama aliyezidiwa atafika kwa daktari. Mkaguzi anayesimama leo Busia au Rusumo anaweza kuuliza swali hilohilo.