Krapf Ahamia Mombasa

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 12:1–9, Nehemia 2:1–8, Matendo 16:6–10, Waebrania 11:8–16.

Vijana wengi wa Karatu huondoka nyumbani. Mmoja amepata kazi Dodoma, mwingine amechaguliwa kwenda chuo Dar es Salaam, mwingine anateremka Arusha kutafuta maisha. Mfugaji wa Ngorongoro naye anajua kuhama, lakini hahamishi ng'ombe wake kabla ya kumtuma mtu atangulie kuangalia nyasi na maji. Kabla ya safari tunaomba, na kanisa linatuombea. Swali gumu huja baada ya kufika. Mambo yakiharibika huko ugenini, je, tuseme kwamba hatukuongozwa na Mungu? Maisha ya Johann Ludwig Krapf yanatusaidia kulijibu swali hilo.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani, katika familia ya mkulima. Alijiunga na chuo cha wamishonari mjini Basel, Uswisi, kisha akaingiwa na mashaka juu ya wito wake, akaacha. Alifanya kazi ya uchungaji nyumbani kwa muda, lakini wito ule haukumwacha. Mwaka 1837 alifika Ethiopia akiwa ametumwa na chama cha kimisheni cha CMS cha Uingereza.

Huko milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Alifukuzwa Tigray mwaka 1838. Akaenda Shoa, na huko akapata shauku kubwa ya kuwahubiri Waoromo. Mwaka 1842 alitoka Shoa kwenda Misri kumwoa Rosine Dietrich. Njiani alinyang'anywa mali, na alipotaka kurudi pamoja na mkewe, njia ilikuwa imefungwa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini na akafa.

Tafakari Matendo 16:6–10. Paulo alizuiliwa kuingia Asia, akazuiliwa tena kwenda Bithinia, kabla ya kuonyeshwa Makedonia. Mlango uliofungwa haukumaanisha kwamba Mungu amemwacha. Krapf naye aliwaza kwamba kama hawezi kuwafikia Waoromo kutoka kaskazini, huenda akawafikia kutoka pwani ya Afrika Mashariki.

Angalia jinsi alivyohama. Hakukimbilia mji asioujua kwa kusema tu kwamba ana imani. Alianzia Unguja, alikofika mwezi Januari 1844, akaenda kwa Sultani Seyyid Said kueleza shabaha yake na kuomba ruhusa. Sultani, ingawa alikuwa Mwislamu, alimpa barua ya kumtambulisha kwa watawala wake wa pwani. Ndivyo Nehemia alivyofanya alipoomba nyaraka kwa mfalme. Krapf alitembelea miji ya pwani, akaiona kwa macho yake, na mwezi Mei akahamia Mombasa pamoja na Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mara akaanza kujifunza Kiswahili, na mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji.

Alikuwa ameomba, amepata ruhusa, ameupeleleza mji na ameanza kazi. Hata hivyo, homa iliingia nyumbani. Mwezi Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye mama na mtoto wakafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa sana. Mkewe alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi hilo lingali linaonekana Nyali hadi leo.

Mwaka huo tunaukumbuka sana. Miezi mitatu tu baada ya mazishi yale, tarehe 22 Oktoba 1844, waumini huko Marekani waliokuwa wakingoja marejeo ya Bwana walilia hadi asubuhi. Watu hao na Krapf hawakujuana. Lakini wote walilazimika kujibu swali moja: ikiwa tulimtii Mungu, kwa nini tuko hapa tukilia? Wengine walirudi nyuma. Wengine walifungua Biblia tena, na katika hao likatokea kanisa letu.

Krapf alibaki Mombasa. Aliwaandikia viongozi wake kwamba kaburi lile ni ishara ya kazi iliyoanza, akawahimiza walete watu wengine. Johannes Rebmann alikuja mwaka 1846, na wote wawili wakafungua kituo huko Rabai. Mwaka 1848 Krapf alisafiri mpaka Vuga, Usambara, kwa mfalme Kimweri. Mwaka huohuo Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, na mwaka 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya. Wataalamu wengine wa Ulaya hawakuamini habari hizo. Waliobatizwa Rabai wakati wake walikuwa wachache mno. Waoromo hakuwafikia alivyotaka, na ndoto yake ya vituo vya injili kuvuka Afrika toka pwani hadi pwani haikutimia mikononi mwake. Mwaka 1853 afya ilimlazimu kurudi Ujerumani. Alifariki huko Korntal mwezi Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Ni nini basi kilichobaki? Kiswahili hakukianzisha yeye. Watu wa pwani walikuwa wakikisema na kukiandika kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla hajafika. Lakini mwaka 1850 alitoa kitabu cha sarufi, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, yeye akiwa kaburini. Watafsiri waliomfuata hawakuanza na mikono mitupu.

Krapf hakufika Karatu. Hata hivyo, katika wilaya hii Mwiraqw, Mdatoga, Mmaasai na Mhadzabe wanaweza kuketi kwenye darasa moja la Shule ya Sabato wakajifunza lesoni moja kwa Kiswahili. Kazi aliyoifanya huku akiwangojea Waoromo imewafaa watu ambao hakuwahi kuwafikiria. Waebrania 11:13 inasema habari za watu wa namna hiyo.

Ndugu mwanafunzi, kabla ya kuhama, omba, uliza, tafuta ushauri na uangalie nyasi na maji. Ukishafika, usipime uongozi wa Mungu kwa jinsi mwezi wa kwanza ulivyokuwa mtamu au mchungu. Abramu naye alikuta njaa katika nchi aliyoahidiwa (Mwanzo 12:10). Fanya kwa uaminifu kazi iliyo mbele yako leo. Mungu anajua atakayeitumia kesho.

Maswali ya kujadili:

1. Krapf aliomba ruhusa na kuipeleleza pwani kabla ya kuhamia Mombasa. Je, kupeleleza ni upungufu wa imani? Toeni mifano ya Biblia.

2. Tutatambuaje tofauti kati ya mlango ambao Mungu ameufunga na shida ambayo anataka tuivumilie?

3. Kanisa lenu linawafanyia nini vijana wanaohamia mijini, na wageni wanaohamia kwenu?